Kabla Hujatundika Jina Lako Aija

Ibra, Jumatatu, baada ya Alasiri

Mwanangu Thuwaiba,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo, mbele ya Ami yako Nasser, kwa hiyo hapa sizirudii. Atasimamisha gari nje ya geti letu dakika tano, na dakika zote tano atakuwa ameegemea mlango anamsifu mwajiri wangu kwa kukupa kazi. Mimi nitaitikia. Wewe utanipa shikamoo, nitakutilia barua hii mkononi, nitakupa na mzigo uliofungwa shuka, kisha mtaondoka. Mzigo usiufungue mpaka umalize kusoma. Kutoka Ibra mpaka Sur ni karibu saa mbili, na Kiswahili cha kuandikwa unakisoma polepole. Njia itakutosha.

Utauliza kwa nini sikutuma sauti kwenye simu. Nilirekodi mara tatu, nikafuta mara tatu. Sauti zangu unazisikiliza nusu kisha unanijibu kwa kidole gumba, na zikikuchekesha unawarushia shangazi zako. Hii ikae kwako. Naiandika humu chumba cha kufulia, juu ya meza ya pasi, mashine ya kukaushia inanguruma nyuma yangu, na mwandiko ni wa mtu aliyeishia darasa la sita Konde, Pemba. Uvumilie.

Sikuandikii habari za kula, kuvaa wala kufunga mlango. Bibi yako wa Bahla ndiye aliyekulea, na ingawa kinyongo changu kwake kiko pale pale, hayo alikufunza vizuri. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na sitaki uondoke ukidhani zimekwisha.

Wiki iliyopita nilikuuliza kama umeisoma hiyo karatasi utakayotia saini Aija, huko Sur. Ukacheka. Ukaniambia, "Mama, ni jina tu. Wanataka jina la Muomani mwenye cheti." Nikakwambia jina si kitu cha kuazimana. Ukasema, "Wewe unafua nguo, Mama. Mambo ya leseni huyajui."

Nafua nguo, kweli. Miaka tisa nafua shuka na makanzu ya wazee katika nyumba hii ya kuwatunzia, na miaka tisa hiyo kila Jumamosi nimepanda juu ya kiti kufuta vumbi la fremu ya leseni iliyotundikwa ukumbini. Hakuna mtu mwengine katika nyumba hii aliyeisoma. Mimi niliisoma, herufi moja moja, kama tulivyofunzwa Kurani chuoni, nikikwama nasubiri Jumamosi nyengine. Imeandikwa kwamba nyumba hii inaendeshwa na mudiri fulani, ndiye msimamizi, na picha yake iko pembeni. Imeandikwa afanye kazi hapa, si mahali pengine. Awajue wazee waliomo. Atie saini daftari kila siku. Akiumia mtu, akifa mtu, ajibu yeye. Mwenye nyumba, huyu tunayemwita arbabu, hakutajwa popote ila kuwa ukuta ni wake.

Na hilo neno lako, ni jina tu, si wewe wa kwanza kuniambia. Baba yako alipofariki, Mungu amrehemu, ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa eda, nimekaa chumbani. Ami Nasser akaleta karatasi mbili, akazipenyeza mlangoni kwa mkono wa shangazi yako, na kalamu juu yake. Mwenyewe akabaki nje ya pazia. Akasema, "Ni jina tu, shemegi. Mambo ya serikali." Ningeweza kuzisoma, kwa ule mwendo wangu wa herufi herufi. Lakini niliwasikia nje wanasubiri, nikaona aibu kuwakalisha watu kwa ujinga wangu. Nikaandika jina. Eda ilipokwisha nikajulishwa kuwa nimekubali ulelewe kwa bibi yako, na mimi nitafute pa kwenda. Nikafanya kazi za ndani kwa watu Nizwa, kisha nikaja huku Ibra. Aibu ya dakika chache imenikosesha wewe miaka kumi na minane. Mtu aliyeleta zile karatasi ndiye anayekuendesha sasa hivi. Usimuulize. Atasema alinisaidia.

Kwa hiyo nilipokusikia unalitamka neno lile lile, kwa sauti ile ile ya mtu mwenye haraka, nilikata simu. Ulidhani mtandao.

Kama unasoma kwa mwendo wako, karibu mtafika Al Mintirib. Utaona mabango ya kambi za jangwani, yenye ngamia na mahema. Moja ni ya arbabu. Iangalie vizuri, kwa sababu watu wa kambi ile waliwahi kuwa manesi kwa siku moja.

Lakini kwanza nikurudishe kwa Bi Zeyana. Unamkumbuka. Ulipokuwa ukija likizo za skuli, ukikaa naye pale kwenye baraza ya nyuma, alikuwa akikurudi kila ukifungua mdomo. "Nani kakufunza kusema kiti yangu? Mwambie mamako akurudishe tumboni akuzae upya." Na wewe ukizidi kuharibu makusudi ili acheke. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Omani mtu mzima, akalea wanawe hapa. Kiharusi kilipompiga, Kiarabu kikamtoka mdomoni, kikabaki masikioni. Anachoambiwa alikisikia chote. Kujibu, alijibu kwa Kiswahili cha ujana wake. Mwanawe anakaa Maskati na Kiswahili hajui ila salamu. Ndiyo sababu nikatolewa dobini nusu ya siku, nikae naye, niwe mdomo wake.

Mudiri wetu nilimwona mara moja tu kwa mwaka. Kazi yake yenyewe ilikuwa Maskati, ofisi nyengine kabisa. Kila mwisho wa mwaka alikuja, akakaa ofisini na birika la chai, akatia saini daftari la siku zote zilizopita. Alikuwa na kalamu tatu, nyeusi, ya buluu, na ya buluu iliyofifia, akibadilisha ili isionekane ni kikao kimoja. Mimi ndiye niliyepeleka chai. Alikuwa mpole, mwenye adabu, akinishukuru kila kikombe. Bi Zeyana alimjua kwa ile picha tu, akimwita bwana harusi wa ukutani. Asubuhi nikimpeleka ukumbini humuuliza, "Leo huji tena, bwana harusi?"

Leseni ilisema wahudumu wanne wa usiku. Alikuwako mmoja, mwanamke wa Kerala, kwa wazee kumi na wanne. Bi Zeyana aliinuka mara mbili gizani, akaanguka mara mbili. Mhudumu akamwambia arbabu anahitaji msaidizi. Arbabu akasema wafungwe. Si Bi Zeyana tu, wote wanaoinuka. Shuka kuukuu zikachanwa vipande, mikono ikafungwa kwenye vyuma vya kitanda.

Vile vipande vikaletwa kwangu kufuliwa. Nikaona nyuzi zimefumuka pembeni, zitawachubua. Nikatoa sindano, nikavipinda pindo, kimoja kimoja, mshono mdogo mdogo kama ule niliokuwa nikikushonea sare za kukutumia Bahla. Jumla ya siku mbili nilikaa navyo. Na nilipomaliza, mwanangu, nilijiona mtu mwema. Nilimwonea huruma mfungwa nikamtengenezea kamba laini. Hilo silisahau. Ningekuwa mkatili ningeviacha vichubue, wanawe wangeona alama mapema, na pengine mambo yangefika mwisho.

Basi siku ya ukaguzi. Arbabu alijua siku mbili kabla, hakutuambia kajuaje. Asubuhi basi dogo la kambi likashusha vijana wanane wa Al Mintirib, wamevaa makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Siku nyengine hao hupokea watalii. Mkaguzi alipoingia, mwanamke wa makamo, mwenye miwani, mmoja wao akaweka mkono kifuani, akainama, akamletea kahawa na tende kama mgeni wa hema. Mudiri naye alikuja, kavaa dishidasha mpya. Mkaguzi akamwomba amwongoze vyumba vya wanawake. Akatembea mbele kwa madaha, akafungua mlango, ikawa stoo ya mafagio. Akasema anaonyesha usafi.

Walipoingia kwa Bi Zeyana nilikuwa namchana nywele. Alimtazama yule mwanamume kuanzia viatu mpaka kilemba. Akasema, "Kumbe bwana harusi wa ukutani ana miguu." Mimi nikaendelea kuchana. Mkaguzi akavuta kiti, akakaa, akamuuliza kwa Kiarabu, taratibu, kwa heshima, anaendeleaje na anatunzwa vipi. Nasema kwa heshima kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Yule mwanamke alitaka kujua.

Bi Zeyana akanigeukia mimi. "Mwambie bibie, jua likitua wananifunga kitandani kama mbuzi wa Idi, na likichomoza wananifungua. Mwambie mikono inaniuma. Na huyu mwanamume aliyesimama naye, mimi leo ndiyo kwanza namwona."

Mkaguzi akaniuliza, "Anasema nini?"

Arbabu alikuwa mlangoni. Hakunikodolea macho wala hakutikisa kichwa, usije ukadhani alinitisha. Alikuwa anatazama simu yake. Alijua kadi yangu ya ukaazi iko kwenye droo yake, na alijua mimi najua, na hilo lilimtosha. Nikasema kwa Kiarabu, "Anashukuru. Anasema wanamtunza kama mama yao, na anakuombea dua."

Mkaguzi akaandika.

Bi Zeyana alikuwa amesikia kila neno. Nilisahau, au nilijisahaulisha. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Wewe Mpemba, hayo si maneno yangu."

"Na sasa anasema nini?" akauliza mkaguzi.

Nikasema, anauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Tangu siku hiyo hakuzungumza nami tena. Hakuzungumza na mtu yeyote, kwa sababu nani mwengine angemwelewa? Nilimfunga mdomo wake wa mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo huo. Nilikuwa nikimchana nywele, anatazama ukuta. Nikimuamkia, "Shikamoo, Bi Zeyana," haitikii. Mwanamke wa Unguja mjini, shikamoo haitikii. Fahamu uzito wake.

Baada ya wiki chache nikaona damu kwenye kitambaa kimoja, pale kwenye pindo. Damu hufuliwa kwa maji baridi, mfuaji yeyote analijua hilo. Nikafua. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikafunua mkono wake mwenyewe, nikaona kidonda mpaka ndani, kinanuka. Siku tatu, Thuwaiba. Nilisoma habari zake katika nguo kwa siku tatu, nikazifua. Nilipopiga kelele homa ilikuwa imeshampanda. Akapelekwa hospitali, na hospitalini akafa.

Wewe ulilia kwenye simu, nikakwambia umri. Mwanawe alikuja kuchukua vitu vyake, akaniuliza kwa Kiarabu kama mama yake aliwahi kulalamika. Nikasema hapana. Akanishika mkono akanishukuru kwa kumtunza. Nimekuwa nikishukuriwa na watu vibaya katika nyumba hii.

Sitaki unihurumie. Najua nilikuwa naogopa nini. Niliogopa nyumba ikifungwa nitarudishwa Pemba, na hata zile mara mbili kwa mwaka ninazokuona zitakwisha. Nilikutumia wewe kuwa sababu. Nakwambia ili ujue ulitumiwa.

Wizara ikauliza habari za kifo kile. Mudiri akajitetea kwamba alikuwa Maskati, hajui lolote. Ndilo lililommaliza, kwa sababu daftari lilikuwa na saini zake kila siku, kwa kalamu tatu. Leseni yake ikafutwa na akafunguliwa kesi. Siku aliyokuja kugombana nilikuwa napiga deki ukumbini. Yule mpole mwenye adabu alipita na viatu juu ya deki yangu bila salamu. Alimwambia arbabu, "Nilikupa jina langu. Sikukupa shingo yangu."

Arbabu alikuwa anamenya chungwa. Akamjibu, "Ya akhi, kwani karatasi hukuisoma? Havikai mbali hivyo viwili."

Nikamchukia kwa kusema kweli. Yeye mwenyewe hakuguswa. Aliambiwa tu nyumba ya Ibra ifungwe, wazee wahamishwe mahali penye leseni. Akakodi nyumba Aija, ile ya wafanyabiashara wa zamani yenye milango ya kuchonga uliyoonyeshwa picha. Kitanda kipo, wazee wapo, mteja analipa. Kilichopungua ni jina.

Na hapa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kukwambia. Wewe unadhani arbabu alikupata kupitia chuo chako cha Nizwa. Hapana. Nakala ya cheti chako nilikuwa nayo kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa nikiitoa jioni kuitazama tu. Nikasikia arbabu anatafuta Muomani aliyesomea uendeshaji wa nyumba za wazee, nikavua aproni, nikanawa mikono, nikaenda ofisini nikaiweka mezani kwake. Nikasema huyu ni wangu. Miaka yote nilikuwa yule Mpemba wa dobini, nikataka siku moja niingie ofisini kama mama wa mtu. Akaisoma, akasema mashallah, akaniambia juu ya nyumba ya Aija kuna vyumba viwili, mudira atakaa yeye na mama yake.

Ulivyofurahi wewe, nilifurahi mara mbili. Ulisema, "Mama, nitakupikia mimi." Nilikwisha kupanga kitanda changu kitakaa upande gani. Bi Zeyana alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu kaburini, na mimi nilikuwa napanga pazia.

Kwa hiyo hasira zangu zigawe. Fungu lako ni dogo. Lakini lipo, kwa sababu wewe umesoma. Mimi nilisaini gizani. Wewe wamekufunza miaka miwili kazi ya mudira ni nini, umekaa mbele ya watu wa wizara ukajibu maswali yao ukafaulu, na kisha unaniambia ni jina tu.

Ijumaa iliyopita arbabu aliniagiza nishushe fremu, niisafishe, uende nayo Sur. Nikapanda kiti changu. Nilipoiondoa, nyuma yake ukutani palikuwa na karatasi ya wizara, imebandikwa sawasawa, rangi yake bado mpya kwa kutopigwa na jua. Imeandikwa kwamba mwenye malalamiko juu ya nyumba hii apige namba hii, na kwamba jina lake halitatolewa. Miaka tisa. Nilikuwa nafuta kioo, na namba iko nyuma ya kioo, upana wa kidole kutoka mkononi mwangu. Niliona ile fremu kubwa kuliko karatasi yake nikadhani ni fahari.

Juzi niliipiga. Nilieleza vitambaa, makoti meupe, kalamu. Nilieleza na langu, kwamba mkaguzi aliuliza nikamdanganya mara mbili kwa mdomo wa mgonjwa. Mwanamke wa upande wa pili akaniambia Alhamisi watakwenda Aija bila kumwarifu mtu, na kwamba watakwenda na mkalimani wao. Hakusema kwa ubaya. Lakini nililisikia.

Hili ninalokwambia sasa, kukwambia peke yake ni kosa kwao. Niliapa sitamwambia mtu siku. Nimekuvunjia kiapo, na ukimwambia ami yako, arbabu atajua kabla hamjafika Al Kamil. Hapo mimi nitakuwa ndani ya ndege ya kurudi, na makoti meupe yatakuwa yameshapigwa pasi. Nimekupa hilo mkononi kwa sababu sikutaka ukamatwe kwa jambo ninalolijua. Mara moja tu nimekupendelea. Sitarudia.

Sasa mkifika utamkuta arbabu anakusubiri Aija, karatasi mezani, kahawa imemiminwa. Sisemi uikatae kazi. Kazi yenyewe ni nzuri, na wazee hawa wanahitaji mudira wa kweli kuliko wanavyohitaji dawa. Ila kabla hujashika kalamu mwombe funguo za ofisi na za kabati la dawa, zikae mfukoni mwako. Panda juu uhesabu vitanda kwa macho yako. Muulize nani ana zamu ya usiku wa Jumatano, akutajie kwa jina, umwone. Akikupa hayo yote, tia saini, na Alhamisi uwapokee wakaguzi mlangoni wewe mwenyewe, nami nitasimama nyuma yako. Hatakupa. Atacheka, atasema, binti yangu, mbona una haraka, hayo yatakuja. Ami yako ataona haya kwa niaba yako, kwa sababu ameshawatangazia watu majlisi kwamba binti wa kaka yake ni mudira. Wataanza kukohoa. Utaona aibu kuwakalisha. Mimi naijua aibu hiyo inavyopanda kutoka shingoni. Wakalishe. Acha kahawa ipoe.

Wazee wanahamishwa Jumatano, na mimi pamoja nao, kwa hiyo Alhamisi nitakuwepo. Baada ya hapo sijui. Kadi yangu iko kwenye droo yake, na wakitaka kunipakia ndege watanipakia. Vile vyumba viwili vya juu usivipange tena. Nimeshaviondoa kichwani, ilinichukua siku moja nzima, na sikuweza kula.

Sasa fungua mzigo. Ni ile fremu, tupu. Nimeisafisha kama nilivyoagizwa, kioo kinang'ara. Shuka niliyoizungushia nimeifunga kwa vitambaa vinne. Vitazame pindo. Mshono unaujua, uliuvaa skuli. Kimoja kina doa la rangi ya chai ambalo maji baridi hayakuliondoa.

Kabla ya daraja la Aija mwambie ami yako asimame, mwambie unataka hewa. Amua hapo, ukiwa na vitambaa hivyo mkononi. Si mbele ya kahawa.

Alhamisi wakiuliza nani msimamizi wa nyumba hii, na ndani ya kioo hicho limo jina lako, nitalisoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na nitasema nilichokiona chini yake. Nitalia, lakini nitalisoma. Safari hii hakuna mtu atakayeambiwa anaombewa dua.

Mama yako,
mfuaji